Upande wa Mzee Halivuji

Baba yangu ni fundi wa bodi za magari, na ukitaka kugombana naye, mwambie gari alilolitengeneza yeye linavuja. Miaka yote ya kazi yake alikuwa na neno moja tu la kumkabidhi mwenye gari. Alifunga mlango, akalipiga paa kofi moja, akasema, "Halivuji." Hakuongeza wala hakupunguza. Watu wakamwita Mzee Halivuji mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwa ndugu na jamaa tu, na mwenyewe alilipenda hilo jipya kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Mimi ni binti yake wa pili, fundi wa viti. Cherehani yangu iko ndani ya gereji hiyo hiyo, nyuma ya pazia la turubai linalozuia vumbi la msasa. Nashona viti, nakata kapeti, navisha milango kwa ndani. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Kiti nilichokishona mimi hata panya anaona haya kukitafuna. Kama kujisifu ni ugonjwa, basi kwetu ni wa kurithi, na mtoto wa nyoka ni nyoka.

Gari la kisa hiki ni la dada yangu mkubwa, muuguzi. Ni la zamani, lenye boneti ndefu na taa za mviringo, na baba alilipata likiwa limegongwa vibaya upande wa kushoto, limekunjamana kama karatasi ya kufungia vitumbua. Kila mtu alimwambia alikate vipande. Yeye akalijenga upya upande ule wote, kuanzia taa mpaka mlango wa nyuma, akalipaka rangi, akampa dada siku alipoanza kazi. Tangu hapo, nyumbani kwetu gari hilo lina pande mbili: upande wa baba na upande wa kiwanda. Mgeni akija, baba anamwambia afumbe macho, apapase kushoto, kisha apapase kulia, aseme upi ni laini zaidi. Mgeni mwenye akili anasema kushoto.

"Kiwanda nacho kilijitahidi," baba humjibu, kwa huruma kabisa.

Sasa mikono yake inatetemeka. Ameacha kazi za bodi, anashinda mlangoni mwa gereji kwenye kiti kilichotolewa kwenye gari fulani, ambacho nilimvishia ngozi mpya, na kazi yake ni kuwakosoa mafundi wengine. Magari aliyoyatengeneza enzi zake mengine yamekufa, mengine yameuzwa mbali. Hili la dada ndilo pekee lililobaki ambalo anaweza kulinyooshea kidole na kusema, lile pale, kazi yangu.

Ndilo lililoanza kuingiza maji.

Dada alihamia nyumba mpya kabla ya masika. Mvua ya kwanza iliponyesha, alifungua mlango asubuhi akakuta dimbwi kwenye sakafu ya abiria, mbele kushoto. Upande wa baba. Sote tuliona ni upande gani, na hakuna aliyethubutu kutamka. Baba mwenyewe akakata maneno mapema kabisa.

"Maji yanaingilia kulia," alisema, "kisha yanahamia kushoto."

Akaleta silikoni yake. Akaziba kuzunguka kioo cha mbele. Mvua ikanyesha, dimbwi likarudi. Akaziba kuzunguka mlango, akabadilisha na mpira wake, huku akiimba methali yake, usipoziba ufa utajenga ukuta. Dimbwi likarudi tena, safari hii na harufu ya ukungu. Kilichotuchanganya ni kwamba gari likioshwa pale gereji, hata ukilimwagia pipa zima, sakafu inabaki kavu.

"Mnaona?" baba akasema. "Hapa kwangu halivuji. Linavuja huko kwako. Sasa gari lina kosa gani?"

"Kwa hiyo nihame nyumba, baba?" dada akamuuliza.

"Mimi sijasema uhame. Nimesema halivuji."

Dada ni mpole, lakini mpole akichoka humrudishi. Jioni moja alikuja gereji, akasimama mbele ya baba na kutuambia kwamba amezungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu, na Jumamosi alasiri atakuja kulichukua gari.

"Juzi nimempa lifti mama mmoja ametoka kujifungua," alisema. "Amekaa mbele na kichanga chake. Nilipofunga breki, maji yakatoka chini ya kapeti yakamlowesha miguu. Hakusema kitu, alivua viatu tu akavipakata pamoja na mtoto. Nimeona aibu, baba. Siwezi tena."

Nilimtazama baba nikidhani atalipuka. Hakulipuka. Alisema, "Lipeleke, ni lako," akageuza uso barabarani. Chakula cha usiku hakukigusa. Nikaapa moyoni kwamba lile gari halitakatwa vipande baba yangu akiwa hai, ng'o.

Siku iliyofuata niling'oa viti vya mbele na kapeti yote. Hayo ni mambo yangu, sikuhitaji ruhusa ya mtu. Sponji iliyo chini ya kapeti ilikuwa imelewa maji, nzito kama mtoto aliyelala. Nikachovya kidole, nikanusa, nikasugua. Maji ya rejeta hutoa harufu tamutamu na huteleza kidoleni, na mara nyingi ndiyo yanayolowesha miguu ya abiria bomba la hita likitoboka. Haya hayakuteleza wala hayakuwa na utamu wowote. Yalikuwa maji ya mvua.

"Ananusa kama mbwa wa polisi," baba alisema kutoka kitini.

"Mbwa wa polisi hupata mwizi, baba."

Nikakamua sponji, nikaianika juani, nikarudisha kiti cha dereva peke yake, na dada akaondoka na gari likiwa na bati tupu chini.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwake kulichukua. Swali lililonikereketa ni moja tu: nyumba yake ina nini ambacho gereji yetu haina? Jibu lilikuwa chini ya miguu yangu, nami nilikuwa nimepita hapo mara nyingi kula chakula cha dada bila kuliona. Pale anapolaza gari, uwanja umeinama. Nilifungua mlango nikalaza chupa ya maji ya kunywa katikati ya sakafu, ikabingirika yenyewe mpaka ikagonga bati la kushoto. Gereji kwetu ni sakafu ya saruji, baba aliisawazisha mwenyewe, na bila shaka atakwambia hakuna iliyo sawa zaidi ya hiyo.

Nilicheka peke yangu pale uwanjani. Maji hufuata mkondo, na sisi tulikuwa tunalipima gari mahali pasipo na mkondo.

Tulipofika gereji nikaingiza jeki upande wa kulia nikalinyanyua gari mpaka likalala kushoto, kama linavyolala kwa dada.

"Gari limeanza kuumwa kiuno?" baba akauliza.

"Limelala kama linavyolala kwa dada, baba. Tulia."

Nilitandaza magazeti makavu kwenye bati la ndani, nikamwingiza dada na tochi, nikamwambia alale chali, kichwa chini ya dashibodi, na asitoe macho huko. Kisha nikachukua mpira wa maji. Watu wengi humwaga maji juu ya paa, kila kitu kinalowa kwa pamoja na hawajui yaliingilia wapi. Mimi nilianzia chini. Nikamwagilia kizingiti cha mlango, nikasubiri.

"Pakavu!" dada akasema.

Nikapanda mpaka kwenye kioo cha mlango. Pakavu. Nikapanda kioo cha mbele, nikakizungusha pembe zote nne. Pakavu. Baba akakohoa kikohozi cha ushindi, maana pale ndipo palipokuwa na silikoni yake. Basi nikashusha maji chini kidogo ya kioo, pale waipa zinapolala, kwenye mfereji uliofunikwa na plastiki. Nikayaacha yatiririke.

Mwanzo kimya. Halafu dada akapiga kelele.

"Yanakuja! Mdogo wangu, yananimwagikia usoni! Yanatoka kwenye feni!"

Nilitupa mpira chini, nikafungua boneti, nikang'oa ile plastiki. Mfereji ule unakatiza gari zima, kulia mpaka kushoto, na kazi yake ni kupokea maji ya kioo na kuyatoa nje. Karibu na mwisho wake wa kushoto kuna mdomo wa feni, mahali ambapo gari huvutia hewa ya ndani. Na hapo kushoto palikuwa na bwawa. Maji yalikuwa yamesimama, yamejaa mpaka kwenye ule mdomo, yanamiminika ndani taratibu kama chai inayomiminwa na mtu asiye na haraka.

Kwenye kazi yangu hakuna kipande cha kushoto kisicho na mwenzake wa kulia. Ukiona upande mmoja una pindo na mwingine hauna, aliyekata amekosea. Kwa hiyo nilikwenda kulia kwanza. Nikapapasa pembeni kabisa ya mfereji, kidole changu kikazama. Tundu. Nikazunguka kushoto, nikaingiza mkono majini, nikatafuta mwenzake mahali pale pale. Hapakuwa na tundu. Palikuwa laini, laini kupita kiasi, rangi inayopazunguka safi kama ya mlango. Na mwisho wa ule ulaini kidole kikagusa kijimkia.

Nilikijua kijimkia kile. Baba akiziba, hachovyi kitambaa wala hatumii kisu bapa. Anachovya kidole gumba kwenye maji ya sabuni, anakipitisha mara moja tu, na anaponyanyua kidole silikoni hubaki na mkia mdogo ulioelekea juu. Nimeuona tangu sijaanza shule. Hakuna fundi mwingine mwenye mkia ule.

Sasa nilielewa yote. Gari likiwa sawa, maji yalihamia kulia yakatokea kwenye tundu la kiwanda, ndiyo maana miaka yote hapakuwa na shida. Gari likiinama kushoto, yanakwama kwenye upande wa baba, na upande wa baba hauvuji. Hauvuji hata tone. Baba alikuwa amesema kweli wakati wote, na huo ukweli ndio uliokuwa ukilizamisha gari.

Kwa muda nilifikiria kusema ni majani. Ningechomoa pale kimyakimya, nikatupa konzi ya takataka chini, nikasema, "Majani yaliziba, baba, mambo ya kawaida." Dada angefurahi, gari lingebaki, jina la mzee lingebaki. Lakini nitasema kilichonizuia, na wala si utakatifu. Nilikuwa nimegundua kitu kilichomshinda kila mtu pale, kwa chupa ya maji na jeki na kidole changu mwenyewe, na sikuwa tayari kuyapa majani sifa yangu. Isitoshe, baba yangu si mtu wa kudanganywa kuhusu bati.

Alikuwa ameshanyanyuka kitini. "Umeona nini?"

"Baba, nipe mkono."

Nilikiongoza kidole gumba chake kulia kwanza, kikazama kwenye tundu. Akakunja uso. Nikamzungusha kushoto, nikakizamisha majini. Nilikiona kidole kikitembea chini ya maji, kikateleza juu ya ule ulaini, kikafika kwenye mkia, kikakaa. Kilienea pale kama mguu kwenye kiatu chake.

Dada akatoka ndani ya gari, nywele zinachuruzika, kuja kuona kuna nini.

"Huu mkono wangu," baba alisema.

"Ndiyo, baba."

"Palikuwa na tundu hapa. Bati lilikuwa limekunjamana, nikalikunjua, nikakuta tundu. Nikasema, hawa wa kiwanda wamesahau kuziba." "Nikawacheka."

"Lilikuwa la kutolea maji."

"Na kule kulia lipo."

"Lipo. Hukuliona?"

"Ningelionea wapi? Sikuwahi kuugusa upande ule. Ulikuwa wa kiwanda."

Dada, na roho yake nzuri, akamshika bega. "Baba, si kitu."

"Ni kitu," baba alisema. "Usiniambie si kitu. Lete bisibisi."

Nikampa. Akaielekeza kwenye maji, mkono ukatetemeka, ncha ikagonga pembeni. Akajaribu tena, ikagonga pembeni tena. Nilitaka kulia, nilitaka kumnyang'anya, nilitaka kurudi nyuma ya turubai langu na kushona kiti cha mtu yeyote. Mwishowe yeye mwenyewe akanirudishia.

"Zibua wewe. Usinichubulie rangi."

Sikutumia bisibisi. Nilichukua kisu changu cha kukatia ngozi, nikakata kwa kuzunguka, taratibu, kama ninavyofungua mshono wa zamani ambao sitaki kuharibu kitambaa chake. Silikoni ile ilikuwa imeshika kama imekula kiapo. Nikakata, nikavuta, ikagoma.

"Unaona ilivyoshika?" baba akaniuliza, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikukitegemea.

"Naona, baba."

"Miaka yote hiyo. Jua, mvua, vumbi."

"Naona. Haitoki."

"Haitoki," akakubali.

Ilitoka kwa mlio wa chupa inayofunguliwa. Bwawa likazunguka mara moja na kutoweka, maji yakaanguka kwenye saruji nyuma ya gurudumu, mengi kuliko nilivyodhani, yakatuloweshea viatu sote watatu. Dada akacheka. Baba hakucheka. Alikunja suruali, akavua kandambili, akatandaza gazeti jipya kavu kwenye sakafu ya abiria, akaingia akakaa juu ya bati tupu na miguu mitupu juu ya gazeti.

"Mwaga," akasema. "Usinihurumie."

Sikumhurumia. Gari likiwa limeinama vile vile, nilimwaga kwenye paa, kwenye kioo, kwenye mfereji, mpaka gereji nzima ikawa mto na mafundi jirani wakaja kuangalia kuna nini. Alipotoka alikuwa na gazeti mkononi. Akampa dada alishike. Lilikuwa kavu hata wino haukuchafua vidole.

Nikangoja kofi la paa. Nikangoja neno lake. Hakulipiga paa, hakusema lolote. Alirudi kitini akakaa.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja alasiri na kamba zake za kuvutia. Dada alimwambia asamehe, gari haliuzwi. Yule bwana akaanza kunung'unika kuhusu safari yake ya bure, na siku nyingine yoyote baba angemtandika maneno mpaka asahau alikotoka. Siku hiyo alimtazama tu. Niliogopa. Nilijiambia, haya basi, umeokoa gari na umemvunja aliyelijenga. Nilirudi kwenye cherehani, na kila nilipochungulia nilimwona ameinama kwenye gari la dada, upande wa kulia. Alikuwa anapitisha kiganja polepole juu ya bati la kiwanda, kuanzia taa mpaka mlango wa nyuma, anakagua kazi za watu wengine.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha mfululizo. Dada alipita asubuhi moja kwenda kazini, akapunguza mwendo mbele ya gereji, akafungua mlango wa abiria kidogo ili baba aone kapeti niliyoirudisha. Kavu. Baba akanyanyua mkono, gari likapita.

Nilikuwa nashona siku hiyo hiyo niliposikia gari jingine likiingia, breki zinalia, na mwanamume akishuka huku anakung'uta soksi. Alikuwa mgeni kwetu.

"Mzee, habari za hapa? Gari langu limekuwa kisima. Nimeelekezwa kwa mtu anayeitwa Halivuji. Ni wewe?"

Mguu wangu ulisimama kwenye pedali. Kwa maisha yangu yote nimesikia jibu la swali hilo, na linakuja na kifua mbele na hadithi ya upande wa kushoto.

"Yuko ndani," baba akasema. "Nyuma ya turubai. Anashona."

Mgeni akacheka kidogo. "Hapana, mimi nilimtafuta fundi mwenyewe."

"Nimeshakwambia aliko fundi mwenyewe."

Nilikata uzi. Nilitoka nikiwa na kisu changu cha ngozi mkononi na macho yananiwasha, na wala sikuona haya kwamba yananiwasha. Mgeni alinitazama, akamtazama mzee, akanitazama tena. Sikumsalimia kwanza. Nilizunguka gari lake nikiangalia limelalia upande gani, nikainama, nikaanza kutafuta matundu yake, chini kwenda juu. Nikamsikia yule bwana anavuta pumzi ya kutaka kuniuliza itachukua muda gani.

"Usimharakishe," baba akamwambia. "Huyo amenikamata hata mimi."